Nani Ageuze Njia ya RS-485: Programu au Kiendeshi?

Swali limetoka kwa fundi wa umeme na mitambo katika kiwanda kidogo cha kukamua mawese, nje kidogo ya mji wa Kigoma. Nimelifupisha bila kubadili maana yake:

«Shikamoo mwalimu. Nina vidhibiti joto vitano na mita moja ya umeme, vyote vinaongea Modbus RTU kwa baudi 9600 juu ya jozi moja ya waya yenye urefu wa mita kama 180. Nimefunga Raspberry Pi 3 yenye Linux, chipu ndogo ya RS-485, na pini moja ya kugeuza njia. Programu yangu ya Python inainua pini, inaandika ujumbe, inalala milisekunde 10, inashusha pini, kisha inasubiri jibu. Mara nyingi inafanya kazi, lakini kuna maulizo yasiyojibiwa kabisa, na mengine yanajibiwa huku baiti ya kwanza imekatika. Nikichomeka kibadilishi cha USB kwenye laptop, kila kitu kinakwenda vizuri. Halafu kuna jambo la ajabu: mwanzoni nililazimika kuzima pariti kwenye vifaa vyote, kwa sababu kwa pariti shufwa havikujibu hata kimoja. Je, niandike kiendeshi changu mwenyewe? Na nikitaka kukiandika, nianzie wapi?»

Marahaba, fundi. Huhitaji kuandika kiendeshi, yaani programu inayoiongoza chipu, kwa sababu kazi unayoitaka imekwisha kuandikwa ndani ya keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi wa Linux. Kinachobaki ni kuiomba kwa utaratibu unaotakiwa, na kuiomba kwenye poti inayofaa. Hata hivyo umehisi vyema kwamba jambo lenyewe ni la kiendeshi, wala halikupaswa kubebwa na programu yako, na hapo ndipo ninapotaka tukae kwa muda.

RS-485, kiwango kilichotolewa mwaka 1983, inapotumika kwa jozi moja ya waya hufanya kazi kama redio ya upepo. Anayetaka kusema hubonyeza kitufe, husema, kisha huachia ili mwenzake asikike. Pini yako ya kugeuza njia ndiyo kitufe hicho. Ukiachia kabla hujamaliza, neno lako la mwisho linakatika. Ukichelewa kuachia, unalifunika neno la kwanza la mwenzako. Kwa hiyo maulizo yasiyojibiwa na majibu yaliyokatika kichwa, ambayo wewe umeyaona kuwa matatizo mawili, ni tatizo moja linaloegemea leo upande huu na kesho upande ule.

Tupige hesabu yako. Kwa baudi 9600, yaani biti 9600 kwa sekunde, bila pariti, ile biti ya ziada ya kuhakiki herufi, kila herufi ina biti 10, nayo huchukua milisekunde 1.04. Katika Modbus RTU, itifaki ambayo vifaa vyako vinaongea, ujumbe wa kawaida wa kuuliza rejista, yaani kijisanduku cha namba ndani ya kifaa, una baiti 8, hivyo huchukua milisekunde 8.33 kupita wayani. Baada ya hapo kifaa kinachoulizwa hakiruhusiwi kujibu kabla ya kupita ukimya wa herufi tatu na nusu, ambao kwa kasi yako ni milisekunde 3.65. Maana yake, tukihesabu tangu biti ya kwanza ilipotoka, una nafasi ya kushusha pini kati ya milisekunde 8.33 na milisekunde 11.98. Milisekunde 10 ulizochagua zimeangukia karibu katikati ya nafasi hiyo, na ndiyo sababu mara nyingi mambo yanakwenda. Lakini ukingo wako ni chini ya milisekunde mbili kila upande, na Linux ya kawaida haijawahi kukuahidi kwamba programu iliyolala itaamshwa kwa usahihi huo. Kadi ya kumbukumbu ikianza kuandikwa, au programu nyingine ikishika prosesa, kulala kwa milisekunde 10 kunaweza kuwa 13 au 20, na hapo baiti ya kwanza ya jibu imekwenda. Vilevile utumaji wenyewe ukichelewa kuanza kwa milisekunde mbili baada ya programu yako kuandika, pini itashuka huku baiti ya mwisho ikiwa njiani.

Itazame baiti hiyo ya mwisho kwa karibu. Katika Modbus RTU, baiti mbili za mwisho ni za CRC, ile namba ya kuhakiki ujumbe, na ya mwisho kabisa ni nusu yake ya juu. Ukiikata, kifaa kinapokea ujumbe mzima isipokuwa uhakiki wake haulingani, na itifaki inakiagiza kinyamaze, kisirudishe hata taarifa ya kosa. Ndiyo maana unaona ukimya mtupu, unadhani kifaa kimezimika au waya umelegea, unapanda ngazi kwenda kukaza skrubu ambayo haikuwa na kosa lolote.

Wengi wakifika hapa hubadilisha kulala kwa kuita `tcdrain`, wito unaosubiri mpaka data yote itoke. Ni afadhali, ila haitoshi. Ndani ya keneli, wito huo huiuliza chipu kama imemaliza, na kati ya swali na swali hulala angalau mpigo mmoja wa saa ya keneli. Mpigo huo ukiwa wa mara 100 kwa sekunde, umeshapoteza hadi milisekunde 10, na kwa mara 250 ni milisekunde 4, ambazo bado zinazidi ukimya wako wa 3.65. Kwa kibadilishi cha USB hali inaweza kuwa mbaya zaidi, kwa sababu data iliyokwisha kuondoka kwenye kompyuta inaweza kuwa bado imekaa ndani ya chipu ya kibadilishi.

Sasa tushuke hadi kwenye chipu, maana hapa hata waandishi wa viendeshi hujikwaa. Chukua 16550A, chipu ya siriali iliyozaa ukoo mkubwa unaotumika hadi leo. Ina foleni ya baiti 16 za kutuma, na nyuma ya foleni hiyo kuna rejista ya kusukuma inayotoa biti moja moja wayani. Katika rejista yake ya hali kuna biti mbili zinazofanana kwa jina lakini si kwa maana: biti ya 5, THRE, inasema foleni imekwisha, biti ya 6, TEMT, inasema foleni imekwisha na rejista ya kusukuma nayo imemaliza. Ukatizi, yaani ishara ambayo chipu huipa prosesa ili iache iliyokuwa ikifanya, hutolewa kwa THRE peke yake. Kiendeshi kinachogeuza njia mara tu kipatapo ukatizi huo huwa kimekata herufi nzima iliyobaki kwenye rejista ya kusukuma, na herufi hiyo, kama tulivyoona, ni ile nusu ya CRC. Mtego ni ule ule kwa chipu zinazotumia DMA, njia ya kuhamisha data bila prosesa kuibeba yenyewe: ukatizi wa mwisho wa DMA unamaanisha kwamba data imefika kwenye foleni ya chipu, wala haumaanishi kwamba imefika wayani. Kiendeshi kizuri cha ukoo huu hufanya hivi: kikipata THRE huangalia TEMT, na kama bado, huweka kipima muda cha urefu wa herufi moja, kisha huangalia tena kabla ya kugusa pini. Programu yako ya Python, hata ingeandikwa na nani, haiwezi kufanya hivyo kwa wakati, kwa sababu ukatizi huo haufiki kwake.

Kwa hiyo utaratibu wa Linux ni huu. Kuna muundo wa data uitwao `struct serial_rs485`, unaopelekwa kwa kiendeshi kwa wito wa `ioctl` wenye jina `TIOCSRS485`. Ndani yake unaweka bendera: `SER_RS485_ENABLED` kuwasha hali hiyo, `SER_RS485_RTS_ON_SEND` na `SER_RS485_RTS_AFTER_SEND` kueleza mstari wa RTS, ishara ya poti ambayo hapa ndiyo hugeuza njia, ukae vipi wakati wa kutuma na baada yake, na `SER_RS485_RX_DURING_TX` ukitaka kujisikia mwenyewe unapotuma. Kuna pia ucheleweshaji wa aina mbili, kabla ya kutuma na baada ya kutuma, unaopimwa kwa milisekunde. Wewe weka sifuri zote mbili, maana chipu za kisasa za RS-485 hugeuka kwa muda ulio chini sana ya biti moja ya kasi yako. Ukipata kosa la `ENOTTY`, kiendeshi cha poti hiyo hakina msaada huo. Ukikubaliwa, soma tena kwa `TIOCGRS485` uone ulichopewa, kwani keneli inaweza kurekebisha ulichoomba bila kukutangazia.

Kwa Python huhitaji kuandika hayo yote. Maktaba ya pyserial ina sifa iitwayo `rs485_mode` kwenye poti, unayoipa `RS485Settings`, nayo huita `TIOCSRS485` kwa niaba yako. Angalia usichukue darasa liitwalo `RS485` lililomo kwenye moduli hiyo hiyo, kwa sababu hilo hugeuza RTS kwa programu, na utakuwa umerudi palepale ulipotoka.

Sasa lile jambo la ajabu la pariti. Raspberry Pi 3 ina chipu mbili za siriali ndani yake. Moja ni PL011, chipu kamili. Ya pili ni UART ndogo, yenye foleni ya baiti 8, na haina pariti kabisa. Katika mpangilio wake wa kawaida, PL011 imepewa kazi ya Bluetooth, na pini unazozifikia wewe zimeachiwa ile ndogo, inayoonekana kama `/dev/ttyS0`. Ulipoomba pariti shufwa, ilituma herufi za biti 10 kwa vifaa vinavyotarajia biti 11, na vikanyamaza kwa haki. Ulipozima pariti kwenye vifaa ulitibu dalili. Bluetooth ya nini katika chumba cha boila? Weka `dtoverlay=disable-bt` kwenye `config.txt`, washa upya, na PL011 itarudi kwenye pini zako kama `/dev/ttyAMA0`. Hapo rudisha pariti shufwa, ambayo ndiyo chaguo la msingi la Modbus.

Kiendeshi cha PL011 kina msaada wa RS-485 katika keneli za karibuni, hivyo kwanza sasisha mfumo wako. Mstari wa RTS wa chipu hiyo unapatikana kwenye GPIO 17 ukiichagulia kazi yake mbadala iitwayo ALT3. Hamishia hapo waya wa kugeuza njia.

Kabla hujaunganisha kwenye waya wa kiwanda, pima pini hiyo kwa mita. RTS ni ishara inayofanya kazi kinyume: chipu ikisema RTS imewashwa, pini yenyewe huwa chini, ilhali mguu wa DE wa chipu ya RS-485, ule wa kuwasha utumaji, unataka kuwa juu ili utume. Kati ya jina la bendera na volti ya pini kuna kugeuzwa mara mbili au tatu, na viendeshi tofauti vimewahi kutafsiri bendera hizo kwa namna tofauti. Mimi siku hizi sibishani na majina. Ninatuma ujumbe mrefu kwa baudi 300 ili sindano ipate muda wa kutulia, natazama pini iko juu au chini, kisha ninachagua bendera inayonipa juu wakati wa kutuma na chini wakati wa kukaa kimya.

Kibadilishi chako cha USB kilifanya kazi kwa sababu chipu yake hugeuza njia yenyewe, ndani ya maunzi, bila kuuliza kompyuta. Chipu za FTDI kwa mfano zina mguu maalumu unaobaki juu mpaka biti ya mwisho itoke. Gharama yake iko upande wa kupokea: chipu hizo hungoja hadi milisekunde 16 kabla ya kupeleka kwenye kompyuta baiti chache zilizopokelewa. Kwenye Linux unaweza kuandika 1 katika faili `latency_timer` ya poti hiyo chini ya `/sys/bus/usb-serial/devices/`, na kusubiri huko kukaisha. Jihadhari na vibadilishi vya bei ya chini sana vinavyogeuza njia kwa kutumia ishara ya kutuma yenyewe, ambavyo husukuma waya kwa sifuri tu na kuiachia moja ivutwe na rizista. Mezani hufanya kazi, kwenye waya mrefu hutetereka. Na nikuambie wazi: kama bosi wako anataka mfumo ufanye kazi Jumatatu, nunua kibadilishi kizuri kinachojigeuza na chenye utengano wa umeme, ukifunge, kisha haya ya PL011 uyajifunze kwa raha zako. Utengano huo unautaka hata hivyo, kwa radi za masika mnazozijua huko ziwani.

Umeuliza pia ungeanzia wapi kama ungeandika. Ungeanza kwa kutogusa mfumo wenyewe wa tty, ule unaosimamia poti za siriali na konsoli. Linux ina tabaka liitwalo serial core linalobeba kazi yote ya kawaida, na kiendeshi chako hujaza tu vitendo vya chipu yako: kuanza kutuma, kusimama, kusema kama foleni imekwisha. Kwa RS-485 unaongeza kitendo cha `rs485_config` na jedwali la `rs485_supported` linalotaja kwa uaminifu kile ambacho chipu yako inakiweza, ili keneli ikatae yasiyowezekana kabla hayajakufikia. Kitendo cha kusema foleni imekwisha kijibu kwa TEMT, kisijibu kwa THRE. Ucheleweshaji ufanywe kwa kipima muda cha hali ya juu cha keneli, `hrtimer`, kamwe usiwe kitanzi cha kuzunguka ndani ya ukatizi: keneli inaruhusu hadi milisekunde 100 hapo, na prosesa iliyogandishwa kwa muda huo itaangusha mambo mengine yote. Na kama chipu yako inageuza njia yenyewe kwa maunzi, kama zifanyavyo STM32, ambazo hupima ucheleweshaji kwa sehemu za biti moja, iachie kazi hiyo. Kiendeshi bora cha RS-485 ni kile kinachosanidi maunzi kisha kikakaa pembeni.

Liko jambo jingine ambalo mwandishi wa kiendeshi hulisahau kwa kuwa halionekani mezani: hali ya pini kabla ya programu yoyote kuanza. Miaka michache iliyopita niliitwa kwenye karakana moja hapa Tabora, ambako kila umeme ulipokatika na kurudi, vifaa vyote vya mstari mmoja vilichanganyikiwa kwa karibu nusu dakika, na kimoja kilikuwa kikijiwekea namba ya ajabu kwenye kioo. Nilibadilisha rizista, nikabadilisha waya, nikalaumu jenereta. Mwisho niliunganisha laptop kwenye mstari kama msikilizaji tu, tukazima umeme na kuuwasha, na kwenye skrini yakatokea maneno ya keneli ikijitambulisha wakati wa kuwaka, na mwisho wake neno `login:`. Poti ile ilikuwa bado imeandikishwa kama konsoli ya mfumo. Kompyuta ilikuwa ikivisimulia vidhibiti historia ya kuwaka kwake. Kwenye Raspberry Pi kagua `cmdline.txt`, ondoa maneno `console=serial0,115200`, na uzime huduma ya kuingia kwenye poti hiyo. Halafu weka rizista ya kilo-omu 10 kutoka mguu wa DE hadi ethi, ili pini inapokuwa haina mwenyewe, chipu ikae katika kusikiliza.

Upande wa kupokea nitaupita haraka. Usijaribu kutambua mwisho wa ujumbe kwa kupima ule ukimya wa herufi tatu na nusu ndani ya programu yako, kwani chipu hukusanya baiti kwenye foleni na kukupa mafungu, na nafasi kati ya fungu na fungu haikuambii chochote kuhusu wayani. Wewe ndiye unayeuliza, kwa hiyo unajua urefu wa jibu: ukiomba rejista N kwa kazi namba 3 ya Modbus, ile ya kusoma rejista, jibu lina baiti 5 na mara mbili ya N. Soma idadi hiyo, weka kikomo cha muda cha robo sekunde hivi, hakiki CRC. Kisha tazama mara kwa mara faili `/proc/tty/driver/ttyAMA`, ambako keneli huhesabu makosa kwa kila poti: `fe` ni herufi zilizovunjika umbo, `oe` ni zilizopotea kwa foleni kufurika, `pe` ni za pariti. `oe` ikipanda, kosa liko kwenye kompyuta. `fe` na `pe` zikipanda baada ya kugeuza njia kukabidhiwa kwa kiendeshi, kosa limehamia kwenye waya.

Na kwenye waya, kabla hujanunua chochote, fungua vidhibiti vyako vitano na mita, utafute kwenye kila kimoja swichi ndogo au kiunganishi cha rizista ya omu 120. Baadhi ya vifaa hutoka kiwandani rizista hiyo ikiwa imewashwa, na rizista saba sambamba, tukihesabu na ya chipu ya upande wa Pi, huupa mstari mzigo wa omu 17, wakati umetengenezwa kubeba omu 60. Acha mbili tu, moja kila ncha. Zima umeme wa vifaa vyote, pima kati ya waya A na waya B mahali popote: usomaji ukiwa karibu na 60 uko sawa, ukiwa 120 umesahau ncha moja, na ukiwa chini ya 50 bado kuna kifaa ambacho hujakifungua.